Mtu wa Kumfuata Mama Parul

Kituo cha Mgongo, nje ya Dhaka
14 Aprili 1997

Kwa Bubu Jobeda, dada yangu mkubwa,

Assalaam alaikum. Nakuandikia nikiwa nimelala kifudifudi kama mjusi. Zile wiki tatu mlizonilaza chali nyumbani, mkimsubiri mganga wako wa kupaka mafuta, zimenizawadia kidonda makalioni ambacho sikukisikia mpaka kilipoanza kunuka. Mfikishie salamu zangu mganga huyo. Mwambie mafuta yake yanafaa kukaangia samaki.

U hali gani? Ng'ombe amezaa? Baridi imekwisha, kwa hiyo najua mitende yangu imepumzika na hakuna mtu anayeichezea. Kama yule kijana wa ukoo wetu, Rustam, ameugusa hata mmoja, mwambie nikirudi nitamning'iniza juu yake kama chungu. Leo ni mwaka mpya wa Kibangla, wametupa wali uliolazwa majini usiku na samaki aliyekonda kuliko mimi.

Daktari anasema naendelea vizuri. Hilo tu.

Hapa kuna vichekesho, Bubu. Kila alasiri wanaume wazima, watu waliokuwa wakulima, mafundi na makuli, wanafungwa kwenye viti vya magurudumu, wanapewa mpira, wanaambiwa wautie kwenye kikapu kilichotundikwa juu ya nguzo. Wanakimbizana na kugongana, wakianguka wanalala pale kama kasa waliopinduliwa. Eti inaleta furaha moyoni. Binti mmoja anayetufanyisha mazoezi, Laboni Apa, maana hapa dada haitwi Bubu, anaitwa Apa, ameniuliza lini nitajiunga. Nimemwambia mimi nimekwea mitende kuigema miaka ishirini na mitatu, nikitaka kutia kitu kikapuni nakwenda sokoni.

Sasa nijibu hili. Mke wangu, Mama Parul, hajaja, hajaandika, hajatuma hata salamu. Wake za wenzangu wapo hapa, wanawageuza na kuwaogesha. Mimi nageuzwa na mtu baki. Mwambie aje na mtoto, basi la asubuhi linafika jioni. Au ana kazi gani ya maana kuliko hii?

Ndugu yako,
Torab Ali


Bashbaria, Jessore
20 Mei 1997

Kwa ndugu yangu Torab,

Wa alaikum salaam. Barua yako nimeipata, na kashfa zako pia nimezipata. Nashukuru kujua kwamba ulimi haukuvunjika.

Ng'ombe amezaa dume. Paa la jiko limebebwa na upepo mpaka kwenye bwawa, nimelirudisha. Mimi magoti yananisumbua lakini nani aulize, mjane hana magoti. Rustam hajagusa mitende yako. Alikuja kuniuliza, nikamfukuza na ufagio.

Umemtukana mganga. Sawa. Lakini nani alikwambia kamba imechakaa? Nilikwambia siku ya Ijumaa, nikakwambia tena Jumapili, ukanijibu mwanamke anajua nini kuhusu kamba ya mgema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe kwa sababu ya kiburi chako guu halikutosha, ukavunja mgongo.

Huo mchezo wa mpira sijaelewa na sitaki kuelewa. Watu wakiniuliza nasema uko kwenye matibabu. Siwezi kumwambia mtu ndugu yangu ana miaka arobaini na moja na anatazama watu wakicheza mpira. Kazana na dawa ili utembee.

Mama Parul yuko kwao Kumarkhola. Amekwenda kupumzika kwa wazazi, kama wake wote wanavyokwenda. Parul yuko naye. Wazima.

Nimekutumia sukari guru kidogo, ile ya mwisho uliyoipika wewe mwenyewe. Usimgawie mtu.

Dada yako,
Jobeda


Kituo cha Mgongo
2 Juni 1997

Kwa Bubu Jobeda,

Salaam. Sukari guru imefika, nimewagawia wote ili nikukere.

Amekwenda kupumzika! Bubu, unaongea na nani? Mke akienda kwa wazazi wake anakaa wiki mbili, tatu akizidi, kisha watu wa mumewe wanakwenda na chungu cha peremende kumfuata. Yeye amekwenda lini? Nani alimsindikiza? Umeandika mistari miwili kuhusu mke wangu, na barua iliyobaki ni ng'ombe, paa na mganga.

Basi nimeelewa. Ameniona gunia, akalitua. Miaka tisa ya ndoa, wali moto na maneno matamu, mume akivunjika anafunga mzigo. Na akae huko. Na akae mpaka ashike mizizi. Simtaki.

Nakwambia ukweli, baada ya kusoma barua yako niliacha kula. Siku nne. Niliugeuzia ukuta uso wangu, nikawa nasubiri. Laboni Apa alikuja, akakaa kitandani, hakunibembeleza. Aliniambia, "Kaka Torab, ukitaka kufa, chukua namba, kuna foleni. Nusu ya waliomo humu walianza hivyo hivyo." Akaondoka na sahani yangu.

Kisha akaja Golzar. Huyu alikuwa polisi, gari lao lilipinduka, sasa ni nahodha wa timu ya mpira na anajiona Mungu alimuumba peke yake kwa mkono. Alisimamisha kiti chake mlangoni, akapiga kelele wodi nzima isikie.

"Mgema! Nasikia mkeo amekimbia."

"Haikuhusu."

"Hainihusu kabisa. Nataka kujua tu, alikimbia kabla hajakuona ukilala hivyo kama gunia la mchele wa msaada, au baada?"

Bubu, kama ningekuwa na panga langu la kugemea pale, leo ningekuwa jela. Nikawaambia wanitie kwenye kiti. Nilikwenda uwanjani kumgonga, si kucheza. Nilimkosa, nikapinduka, nikala saruji. Na unajua wale washenzi walifanya nini? Walicheka. Watu wanane, hakuna hata mmoja mwenye kiuno kinachofanya kazi, wanacheka mpaka wanashika magurudumu wasianguke na wao. Hakuna aliyesema masikini. Hakuna aliyekuja kuniinua. Golzar akanizunguka mara mbili, akasema, "Ukimaliza kulala, tupishe, tunacheza."

Ilinichukua nusu saa kurudi kwenye kiti. Nilitukana mama zao wote, Mungu anisamehe. Jioni nilikula sahani mbili.

Usidhani nimependa. Kesho nakwenda tena kwa sababu sijamgonga.

Torab


Bashbaria
30 Julai 1997

Kwa ndugu yangu Torab,

Salaam. Mvua imekata barabara, mwenye kuleta barua amekuja kwa mtumbwi, amenipa ya kwako imelowa nusu. Niliyoisoma inatosha.

Ng'ombe mzima, ndama mzima. Maji yamefika kwenye shina la mtende wa tatu, hayajapanda zaidi. Magoti yaleyale.

Umeacha kula ukaanza tena. Vizuri. Lakini sijapenda hao watu unaokaa nao. Polisi ni polisi hata akikatika katikati. Na kumcheka mtu aliyeanguka si dini. Hapa ukirudi hakuna atakayekucheka. Nitakulaza chumba cha mashariki, nitakulisha kwa mkono wangu, nitakugeuza mwenyewe mpaka upate nguvu ya kusimama. Sihitaji msaada wa mtu.

Kuhusu huyo mwanamke, umesema vizuri: na akae. Mtu anayeambiwa maneno mawili tu akabeba sanduku lake la bati na mtoto, huyo hakuwa mke wa kukutunza. Sahau. Wanawake wapo.

Daktari amesema utatembea lini? Mara zote unaandika unaendelea vizuri. Vizuri ni mwezi gani?

Jobeda


Kituo cha Mgongo
10 Septemba 1997

Bubu,

Salaam zako nimezipata. Mimi mzima, kidonda kimefunga, sasa naketi saa nane kwa siku, na kila robo saa najinyanyua kwa mikono ili nyama ipumue. Tukiwa mezani tunanyanyuka wote pamoja, utadhani kuna mkubwa ameingia.

Maneno mawili tu. Maneno gani, Bubu?

Nimeisoma sentensi hiyo mara ishirini. Mimi nilidhani alikwenda mwenyewe. Uliniacha nidhani hivyo. Niliacha kula siku nne kwa sababu yake, na wewe ulijua, ukaniandikia kuhusu mtende wa tatu.

Sawa. Nikianza mimi, labda na wewe utasema. Sitatembea. Siyo mwaka huu, siyo mwaka mwingine. Daktari aliniambia siku ya tatu tangu nifike, akachora na kalamu mahali uti ulipokatika. "Naendelea vizuri" maana yake kidonda na mkojo. Nilikuficha miezi saba kwa sababu kila barua yako ina neno tembea, na nilikuwa nakuogopa. Ndiyo, mgema anayepanda hatua hamsini na panga kiunoni anamwogopa dada yake. Cheka.

Sasa nikueleze kuhusu mpira, upende usipende. Kinachotuangusha si mikono. Ni kwamba kuanzia kitovuni kwenda chini huna kitu cha kukushika, ukirusha mpira mwili unaufuata. Walikuwa wanajifunga kwa mkanda mmoja, mbele, kama mtoto kwenye baiskeli. Nikawatazama wiki mbili kwa dharau yangu yote, kisha nikashindwa kuvumilia. Nikaomba kamba. Nikajifunga kama mtu anayefungwa mtini: kamba chini ya kiuno, inapita nyuma, fundo la kuvutika ubavuni, halafu unaegemea nyuma kwa uzito wako wote na mikono inabaki huru. Mtu asiyeamini kamba yake hagemi. Niliegemea. Nilirusha. Haukuingia, lakini sikuanguka.

Golzar alitazama. Akasema, "Fundo la kishamba." Kesho yake akaja mwenyewe, ananiambia kwa sauti ya chini nimfunge na yeye. Sasa nawafunga wote tisa kila alasiri, na wanapanga foleni, na nawatukana mmoja mmoja.

Baada ya mchezo tunabaki uwanjani, jasho linakauka, na hapo ndipo watu wanasema mambo. Yanasemwa yale ambayo mtu hawezi kumwambia daktari wala mkewe. Kitanda kilicholowa. Kile kitu ambacho hakisimami tena. Kamba ambayo mmoja alishaitupia kwenye boriti, akakosa mikono ya kujivuta. Anayesema anatukanwa kidogo, kisha mwingine anasema la kwake. Nilikuwa nadhani mimi peke yangu ndiye niliyeoza.

Nilisema la Mama Parul. Golzar akaniuliza, "Nani alikwenda kumfuata?"

Nikasema hakuna.

"Basi amekuacha vipi? Mwanamke aliyelelewa anarudi peke yake na sanduku kichwani kama mwizi? Anakaa mlangoni kwao anahesabu mabasi, na wewe mjinga uko hapa unanuna." Kisha akasema mke wake alimsubiri hivyo mwaka mzima, yeye akaona aibu kwenda na kiti. Sasa ameolewa na karani wa benki. Alisema hivyo akifuta gurudumu lake, hakunitazama.

Ulimwambia nini mke wangu?

Torab


Kituo cha Mgongo
16 Novemba 1997

Bubu,

Salaam. Miezi miwili, hakuna barua. Maji yamepungua, barabara ni kavu, nimeuliza. Kwa hiyo umenyamaza kwa hiari yako mwenyewe. Sawa, nyamaza.

Tumecheza mechi ya kwanza na timu kutoka mjini, viti vyao vinang'aa, magurudumu yamelala upande kama miguu ya kaa. Wametufunga thelathini na moja kwa nane. Alama mbili kati ya hizo nane ni zangu, kikapu kimoja. Mpira uliingia bila kugusa chuma. Nilipiga kelele kama mwehu.

Mgeni rasmi alikuwa bwana mmoja mwenye tumbo na miwani ya jua. Alipiga makofi kila mara mtu alipoanguka. Mwishoni alitoa hotuba kwamba sisi ni mfano wa subira, machozi yakamlengalenga, akatugawia blanketi moja moja, washindi na walioshindwa sawa sawa. Golzar akamwuliza, "Mheshimiwa, timu gani imeshinda?" Yule bwana akasema, "Wote mmeshinda, wanangu." Mheshimiwa! Tumechapwa thelathini na moja! Tulikuwa na haki ya kuumia kama wanaume wengine wanavyoumia wakifungwa, na yeye akatunyang'anya hata hiyo. Blanketi nimempa mpishi.

Wananiruhusu kutoka mwanzo wa Januari. Lazima niandike nakwenda kwa nani. Fomu iko mbele yangu, nafasi ile ni tupu. Sitaandika jina lako mpaka unijibu.

Torab


Bashbaria
19 Desemba 1997

Torab,

Salaam. Baridi imeanza, mitende iko tayari, Rustam anapita kila asubuhi akiitazama kama paka. Ng'ombe mzima. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Nilianza kukujibu mara tano, nikazichoma.

Uliposema hutatembea nilikwenda bandani, nikakaa na ndama mpaka magharibi. Nilijua. Siku walipokupakia kwenye gari niliona miguu yako ilivyoning'inia. Nilikuwa naandika tembea ili isiwe kweli. Mpumbavu nani sasa?

Haya, chukua. Siku ya saba baada ya wewe kwenda, alikuwa jikoni anapepeta, hanitazami, ananyamaza kama kawaida yake. Kule kunyamaza kwake sikuwahi kukupenda. Nikamwambia: "Tangu uingie nyumba hii kamba za ndugu yangu zinaoza. Nenda ukale kwa baba yako mpaka atembee." Alimaliza kupepeta mchele wote, akauweka kwenye mtungi, akafunika, akaondoka.

Haijaisha. Mwezi wa Mei, siku tatu kabla sijakuandikia kwamba amekwenda kupumzika, kaka yake alikuja. Akasimama uani kwa adabu, akauliza, "Nani atakuja kumfuata dada yetu, na lini, ili tujiandae?" Nikamjibu: "Mtu wa kumfuata hana miguu." Nikafunga mlango.

Nilimchukia kwa sababu wewe ulikuwa wangu kabla hujawa wake. Mama alipokufa ulikuwa na miaka minne, ulilala juu ya tumbo langu. Sikuandika haya ili unihurumie. Ukinihurumia nitachana barua.

Andika jina unalotaka.

Jobeda


Kumarkhola, nyumbani kwa baba mkwe
11 Januari 1998

Bubu,

Salaam. Nimesoma barua yako uwanjani, nikiwa nimefungwa kwenye kiti. Bahati yako, ningekuwa karibu nawe ningekugonga zaidi ya nilivyotaka kumgonga Golzar. Siku ile nilicheza vibaya, nikavunja kidole cha mtu. Kisha nikajaza fomu. Niliandika jina la mke wangu.

Tumekuja wawili, mimi na Golzar, viti vyetu juu ya paa la basi pamoja na matenga ya kuku. Konda alituita mizigo, Golzar akamwita mtoto wa mizigo. Pale njia panda ya Kumarkhola tulishushwa na wanaume wanne, na watu hamsini wakaja kutazama. Nilinunua chungu cha peremende za rosogolla na samaki mkubwa wa rui, kwa sababu mkwe haendi mikono mitupu hata kama ameketi. Chungu mapajani, samaki shingoni. Watu wakataka kunisukuma. Niliwaambia atakayegusa kiti changu nitampiga na samaki.

Ile njia ya tuta la shamba unaijua. Nusu maili. Mikono yangu ilitoka damu, nilianguka mara moja, samaki akaingia mtaroni nikamtoa. Golzar nyuma yangu alikuwa anatukana mbingu na nchi. Hatua arobaini kutoka uani, gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga, basi. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma. Baba mkwe alikuwa barazani. Alinitazama, hakuinuka, na alikuwa na haki.

Nikaita. "Mama Parul!"

Alitoka na ungo mkononi. Amekonda. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka magurudumuni, halafu akatazama samaki.

"Baba Parul," akasema, "mwaka mzima. Nilidhani nimeolewa na mgema, kumbe nimeolewa na mti."

"Nimekuja kukufuata."

"Nimeona. Na matope yote ya njiani umekuja nayo."

Golzar akaangua kicheko. Hapo ndipo mke wangu alipoweka ungo chini, akaja, akashika kiti kwa mbele, akalivuta gurudumu. Yeye sikumpiga na samaki. Nililia, Bubu, mbele ya baba mkwe, na sijali. Parul alijificha nyuma ya nguzo, baadaye akaja kuuliza kama anaweza kuendesha kiti. Sasa hashuki.

Lakini harudi. Sikiliza vizuri. Usiku ule alinigeuza, akaona kovu la kidonda. Asubuhi akasema: "Wewe umekuja, nimekusamehe. Lakini siyo wewe uliyenitoa. Aliyenitoa mlangoni ndiye anirudishe mlangoni. Aje Bubu."

Nimemwambia hutakuja. Nimemwambia dada yangu angekula jembe kuliko kuomba radhi. Akasema, "Basi tutakaa hapa." Na mimi nimekaa. Unajua watu wanavyomwita mume anayekula kwa wakwe zake. Wameshaanza, wanasema kwa sauti ndogo nikipita. Vijana wa kisimani wameniuliza kama nitapewa na mimi ushungi. Sasa siko Bashbaria, siko Kituoni, niko hapa nakula wali wa mtu, na mitende yangu inamwangalia Rustam.

Nilijifunza kitu kimoja tu kwenye ule uwanja uliokuwa unaudharau: mtu akianguka, usimwambie masikini, lakini umpishe nafasi ya kuinuka. Nimekupisha, Bubu.

Torab


Bashbaria
20 Januari 1998

Torab,

Wa alaikum salaam. Ng'ombe nimemwacha kwa jirani mpaka Jumamosi.

Jeraha la mkono wa kulia la nini, utauliza ukiniona, kwa hiyo nakwambia sasa. Nilikuwa nachimba. Kiinuko cha nyumba yetu ni cha ngazi tatu, marehemu baba alikipandisha kwa ajili ya mafuriko, na mtu mwenye magurudumu hawezi kukipanda. Nimekata ngazi zote tatu, nimeshindilia udongo na pumba, nimepaka samadi juu. Siku sita. Rustam alikuja kusaidia, nikamfukuza, kisha nikamwita tena kwa sababu ya magoti. Nimempa mitende mitatu msimu huu, kwa sharti akubali wewe umfundishe, maana fundo lake ni aibu ya ukoo.

Mteremko umepinda upande wa kushoto. Ukiucheka nitarudisha ngazi.

Ijumaa baada ya sala niko Kumarkhola. Naja na peremende, na sari. Mwambie mkeo sitaomba radhi barazani mbele ya baba yake na kijiji kizima. Nitaomba jikoni, mlango umefungwa, mara moja, na asinilazimishe kurudia.

Kama hatafungua mlango wa jiko nitaomba barazani.

Jobeda